Kampuni za meli zinapanga mikakati kweli au zinabahatisha? Wenye uzoefu shusheni nondo

#1 Mwanagenzi
Habari wakuu. Kuna jambo linanisumbua wiki ya pili sasa. Nasoma usimamizi wa kimkakati, nimefika kwenye usafirishaji wa baharini nimekwama. Tunafundishwa kampuni ichague moja: uuze kwa bei ya chini kuliko wote, au uwe tofauti na wote, au ujibane kwenye kona moja ya soko unayoimudu. Sawa. Sasa chukua Maersk na MSC, kampuni mbili kubwa kuliko zote za meli za kontena. Tangu 2015 walikuwa kwenye muungano mmoja wa 2M, njia zilezile, wanapakiana makontena kwenye meli za kila mmoja. Kuanzia 2020 MSC akaanza kununua meli mitumba mfululizo bila kupumua, Maersk akawa ananunua maghala na kampuni za usafiri wa nchi kavu na ndege huku anasema hana haja ya kuongeza meli. Januari 2022 MSC ikaipita Maersk kwa uwezo wa kubeba, na Januari 2025 ule muungano ukafikia mwisho.

Swali langu, nani hapo alikuwa na mkakati na nani alibahatisha? Na unapangaje mkakati kwenye biashara ambayo kipimo cha nauli za kontena kutoka Shanghai kilikuwa chini ya 1,000 mapema 2020, kikapanda kupita 5,000 Januari 2022, na mapema 2023 kiko chini ya 1,000 tena?

#2 Ngoma Nzito
Navuta kiti. Waje wenye bahari yao.

#3 Hesabu Kali
Mleta mada, kwenye meli mkakati ni tarehe. Ulinunua lini, uliuza lini, mengine yote ni ya kujazia ripoti ya mwaka. Meli mpya ukiagiza leo utaipata baada ya miaka miwili mitatu, na ikishafika utakaa nayo miaka 20 hadi 25 wakati nauli inabadilika kila wiki. Sasa wenye meli wote wanaangalia soko lilelile, nauli ikipanda wote wanakimbilia viwandani kwa pamoja, meli zinafika kwa pamoja, nauli inaporomoka, wanalia kwa pamoja. MSC ilikwepa hiyo foleni ikachukua meli zinazoelea tayari, unasaini leo baada ya wiki chache inabeba mzigo na nauli bado iko juu. Na hawakuanza juzi, Gianluigi Aponte alianzisha kampuni 1970 kwa meli kuukuu, mitumba ndiyo shule waliyosomea.

#4 Pwani Kavu
Hesabu Kali unaweza kuijua tarehe nzuri na bado usiweze kununua. MSC ni mali ya familia, mzee akiamua usiku asubuhi meli imeshalipiwa. Maersk iko soko la hisa la Copenhagen, kila robo mwaka inaulizwa hela imekwenda wapi. Muulize kwanza mwenye mali ni nani ndio uulize mkakati wake.

#5 Mama Kontena
@Pwani Kavu hapo nikurekebishe kidogo kaka. Soko la hisa ndiyo, lakini kura nyingi za Maersk ziko kwa taasisi ya familia ya mwanzilishi wake, A.P. Møller. Hakuna mwanahisa wa nje anayeweza kuwaburuza. Na ndiyo maana 2017 waliweza kukubali kuuza kampuni yao ya mafuta, Maersk Oil, kwa Total ya Ufaransa, karibu dola bilioni saba na nusu, wabaki na usafirishaji peke yake. Uamuzi mzito kama huo hauchukuliwi na mtu anayeogopa mkutano wa robo mwaka. Hao walichagua wenyewe, wala hawakuwa wamefungwa mikono.

#6 Pwani Kavu
Kwenye kura nimekubali dada, asante. Ila hata kama una kura bado unatoka hadharani kueleza, na ukishatamka mbele ya watu kwamba huongezi meli inakuwa kazi kugeuka. Wa familia hana wa kumweleza.

#7 Mzee wa Gati
Naona mnaongea kama haya mambo yameanza 2020. Ngoja niwape kisa cha Malcom McLean, Mmarekani aliyepeleka makontena 58 kwa meli ya Ideal X kutoka Newark kwenda Houston tarehe 26 Aprili 1956. Huyu ndiye anayeitwa baba wa kontena. Sasa msikilize alivyocheza baadaye.

Mwishoni mwa miaka ya sitini mafuta ni rahisi, kampuni yake Sea-Land ikaagiza meli 8 za kasi ya kutisha, noti 33 yaani maili 33 za baharini kwa saa. Zilianza kazi 1972. Mwaka uliofuata mafuta yakapanda bei, zikawa zinakunywa hela tu, mwisho wake zikauzwa kwa jeshi la wanamaji la Marekani. Jamaa akajifunza. Akanunua kampuni nyingine, United States Lines, na sasa mafuta ni ghali kweli na kila mtu anasema yatazidi kupanda, basi akaagiza meli 12 kubwa za mwendo wa pole, noti kama 18, zizunguke dunia nzima kwa kuelekea mashariki tu. Zilipotoka kiwandani katikati ya miaka ya themanini bei ya mafuta ikaanguka. Washindani wenye meli za kasi wakamwacha njiani, na mteja wa kontena hasubiri. Novemba 1986 akaenda mahakamani kuomba kinga ya ufilisi.

Mtu yuleyule, akili ileile, alikosea pande zote mbili. Ndio mjue ugumu wake.

#8 Hesabu Kali
Mzee umenisaidia sana, si ndio hayo niliyosema? Tarehe. Zile meli 12 baadaye zilichukuliwa na Sea-Land kwa bei ya kutupa na zikafanya kazi miaka mingi. Meli ilikuwa nzuri, aliyeinunua mara ya kwanza ndiye aliyekuja siku mbaya.

#9 Mzee wa Gati
Kijana, mimi sikusema tarehe. Evergreen ya Chang Yung-fa nayo ilianza kuzunguka dunia 1984, mwaka uleule, mafuta yaleyale. Yeye alizungusha meli pande zote mbili, mashariki na magharibi, na zilikuwa na kasi ya kutosha. McLean akawa na mteja wa jirani upande wa magharibi anamwambia mzigo wako utazunguka dunia nzima kwanza. Evergreen bado ipo mpaka leo. Tarehe moja, majibu mawili.

#10 Mwanagenzi
Haya ni madini. Lakini Mzee, Maersk nao 2011 waliagiza zile meli za Triple-E, makontena 18,000 ya futi 20, za mwendo wa pole pia. Mbona zenyewe hazikuwazamisha?

#11 ChifuWaChini
Hapo niachieni mimi, nimekaa chumba cha injini miaka 17.

Mwendo wa pole ulishika baada ya 2008, na kilichoubeba ni kwamba kila mtu alipunguza. McLean alikuwa peke yake. Ukipunguza mwendo peke yako umechelewa, mkipunguza wote ndio ratiba mpya. Ile Triple-E injini zake zilichorwa kwa mwendo huo tangu mwanzo. Sisi wengine tuliletewa barua tu kwenye meli ya zamani, injini iliyotengenezwa kukimbia noti 24 ikaambiwa itembee kwa 16.

Niwaambie inavyokuwa huko chini. Injini ikienda mzigo mdogo haipati joto la kutosha, ukuta wa silinda unabaki baridi na ile salfa ya kwenye mafuta inageuka tindikali inautafuna. Unafungua unakuta chuma kilichokuwa laini kama kioo kimekwaruzika kama papai lililopitishiwa uma. Na masizi. Yanajaa kwenye turbochaja, ile inayosukuma hewa ndani ya injini, na kwenye boila la bomba la moshi, yakishika moto humo una janga. Kwa hiyo kila siku asubuhi napiga simu juu kwa nahodha, naomba saa moja nipandishe mizunguko injini ipumue, tupulize masizi. Yeye anaangalia ratiba, anaangalia upepo unaelekea wapi maana masizi yakianguka kwenye deki bosun, mkuu wa mabaharia wa juu, atanitafuta. Saa ile moja haimo kwenye mkakati wa mtu yeyote ofisini, lakini bila hiyo mkakati wao unasimama katikati ya bahari.

#12 Ngoma Nzito
Chifu umetisha. Kumbe barua ya mistari miwili huko chini ni vita.

#13 Hesabu Kali
Kwa wasiojua kwa nini ofisi zinapenda mwendo wa pole: mafuta yanapanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Ukitoka noti 24 ukaenda 18, yaani robo tatu, zidisha 0.75 kwa 0.75 kwa 0.75 unapata kama 0.42. Umeokoa asilimia 58 ya mafuta ya safari. Nani atakataa hiyo?

#14 Kusi Mwanana
Mkuu Hesabu Kali leo hesabu imelegea 😄 Hiyo 58 ni kwa siku, siyo kwa safari. Ukienda pole siku zinaongezeka, safari ya siku 18 inakuwa siku 24. Ukizidisha tena unakuta umeokoa kama asilimia 44 kwa safari nzima. Bado nyingi lakini siyo 58.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Huduma ya kila wiki maana yake kila wiki siku ileile meli moja iondoke. Duru ikiwa siku 56 unahitaji meli 8, ukipunguza mwendo duru ikawa siku 70 unahitaji meli 10. Sasa jiulize, mwaka 2009 meli ni nyingi mno, hazina kazi, zimetia nanga, je walipunguza mwendo ili kuokoa mafuta, au ili zile mbili za ziada zipate kazi na nauli isizidi kuanguka? Mimi naamini la pili lilikuwa na uzito sawa na la kwanza, ila la kwanza ndilo lilipendeza kwenye matangazo.

#15 Hesabu Kali
44, nimekubali. Nilisahau siku.

#16 Mama Kontena
Naomba mnisikilize upande wa mteja maana mnaongea meli na mafuta tu kama vile mzigo unajipakia wenyewe.

Mimi napanga mizigo ya watu. 2021 nilikuwa na mkataba wa mwaka na kampuni moja, siitaji, bei imeandikwa, idadi ya makontena kwa wiki imeandikwa. Nauli ya soko ilipopita bei yetu mara kadhaa, mkataba ukageuka karatasi tu. Kontena zangu zikaachwa bandari ya kubadilishia meli mara tatu mfululizo, kila nikipiga simu naambiwa meli imejaa, nikisema nitalipa bei ya soko nafasi inapatikana siku hiyohiyo. Kuna mteja wangu alikuwa na vipuri vya mashine humo, kiwanda kimesimama, ananipigia saa sita usiku nasikia anavyopumua tu kwenye simu.

Lakini niseme na la upande wangu. 2023 nauli ilipoanguka niliwakimbia walewale walionitunza vizuri nikaenda kwa wa bei ndogo. Kila mtu alifanya hivyo. Sasa mkakati wa kuwa tofauti, wa kumfanya mteja akupende, unasimama wapi kama pande zote mbili tunavunja ahadi kila soko linapogeuka? Nadhani Maersk wakinunua maghala walikuwa wanatafuta dawa ya hilo. Mzigo wangu ukiwa ghalani kwake, forodha anafanya yeye, lori lake, sitahama kirahisi.

#17 Pwani Kavu
Dada ukweli wako mchungu. Ila tazama matokeo: 2022 Maersk walipata faida ya karibu dola bilioni 29 na sehemu kubwa mno ilitoka baharini. 2023 ikashuka chini ya bilioni 4 na wakatangaza kupunguza wafanyakazi kutoka 110,000 kwenda chini ya 100,000. Kama maghala yalikuwa ya kukinga na mawimbi ya nauli, kinga ilikuwa bado nyembamba.

#18 Mama Kontena
Miaka michache haitoshi kuhukumu ghala kaka. Hesabu Kali amesema hapo juu meli inakaa hadi miaka 25.

#19 Shehena Tupu
Wote mnaongelea kontena. Huku kwetu kwenye meli za makaa, chuma na nafaka hakuna maghala wala kupendwa na mteja. Kipimo cha Baltic cha nauli za shehena kavu kilifika 11,793 Mei 2008, Desemba mwaka huohuo kiko 663. Miezi saba! Februari 2016 kikashuka hadi 290. Huku mkakati ni mmoja, uwe na pesa taslimu siku ambayo wenzako wanauza kwa machozi. Na wapo wanaoona mbele, Onassis, tajiri wa meli wa Kigiriki, alijua mfereji wa Suez utafungwa 1956 akaweka meli zake za mafuta tayari bila mkataba, akavuna.

#20 Mzee wa Gati
Hapana Shehena. Onassis hakuona mbele. 1954 alisaini makubaliano na Saudi Arabia ya kubeba mafuta yao, kampuni kubwa za mafuta zikakasirika zikamgomea, meli zake zikakaa bila kazi na alikuwa anaumia kwelikweli. Suez ilipofungwa wenzake wengi wamefungwa na mikataba ya muda mrefu ya bei ya zamani, yeye ana meli nyingi huru. Adui zake ndio walimwekea meli tayari.

#21 Shehena Tupu
Dah. Miaka yote nimekuwa nasimulia kinyume. Asante Mzee.

#22 Mwanagenzi
Kwa hiyo Mzee ni bahati tu?

#23 Mzee wa Gati
Bahati ilimkuta hajafilisika. Kuumia miaka miwili bila kuuza meli, hilo nalo ni la kuhesabu.

#24 Pwani Kavu
Nalo linategemea nani amekusimamia nyuma. Linganisheni Hanjin na HMM, zote za Korea Kusini, zote zilielemewa na meli walizokodi kwa mikataba mirefu ya bei za miaka ya neema. Agosti 31, 2016 Hanjin ikaenda mahakamani, ya saba kwa ukubwa duniani, bidhaa za kama dola bilioni 14 zikiwa njiani, meli zinakataliwa bandarini kwa sababu hakuna anayejua nani atalipa gati. Februari 2017 ikatangazwa imefilisika. HMM ikaokolewa na wadai wake wakiongozwa na benki ya serikali, 2018 ikaagiza meli mpya, na 2020 zikaingia zile 12 za makontena kama 24,000 kila moja, miezi michache kabla ya nauli kulipuka. Hapo tarehe au mkono wa serikali?

#25 Hesabu Kali
Tarehe. Zingeingia 2016 wangezama na serikali yao.

#26 Pwani Kavu
Na bila serikali zisingeingia mwaka wowote.

#27 ChifuWaChini
Nyie bishaneni na tarehe zenu, mimi nirudi chini. Kuna kampuni niliyoitumikia zamani, jina liwekeni kando, mkakati wake ulikuwa kubana gharama na tuliusikia kwenye kila kikao. Niliomba pampu ya akiba na mipira yake ya kuzuia uvujaji mara nne, kila mara jibu ni robo mwaka ijayo. Ile iliyokuwepo ikafa tukiwa tumekodishwa, injini ikazimwa, na mkataba wa kukodi unasema meli ikisimama kwa hitilafu kodi inasimama nayo. Tukaelea siku 9 tunasubiri kifaa ambacho kijana mmoja angeweza kukibeba begani. Siku 9 za kodi ya meli nzima. Na msimu uliofuata yule aliyetukodi hakurudi. Ndio maana mimi nikisikia fulani alishinda kwa sababu alinunua meli tarehe nzuri nauliza, na alizitunza? Mitumba ya MSC inatembea kwa sababu kuna watu huko chini wanajua kutembeza mitumba, na hao hawanunuliwi kwa wiki chache.

#28 Kusi Mwanana
Chifu hii hoja nzuri na haijajibiwa na mtu hapo juu.

Mimi naongeza ya Bahari ya Shamu. Mwishoni mwa 2023 kila mchambuzi alijua meli mpya nyingi zinakuja na nauli itakufa. Novemba 19 Wahouthi wa Yemen wakaiteka meli ya Galaxy Leader, Desemba kampuni kubwa zikaanza kuikwepa bahari hiyo na kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Rudini kwenye hesabu yangu ya #14, duru ikiongezeka wiki mbili unahitaji meli mbili zaidi kwa kila huduma. Meli zilizokuwa za ziada zikapata kazi zote, nauli ikapanda 2024. MSC mwenye meli nyingi akaonekana mtabiri. Je alijua? Hapana. Lakini aliyekuwa na meli za ziada alikuwa na nafasi ya kupindisha njia bila kuvunja ratiba, na mimi hiyo naiita mkakati, kubeba ziada kwa makusudi.

#29 Hesabu Kali
Ziada hiyohiyo ndiyo iliua wengi 2009.

#30 Mama Kontena
Na wenzao Maersk na Hapag-Lloyd ya Ujerumani wamekwenda njia nyingine tangu Februari 2025, muungano wa Gemini, meli kubwa zigonge bandari chache, vyombo vidogo vigawe. Waliahidi meli zaidi ya asilimia 90 zifike kwa wakati. Mimi kama mteja hili nalipima kwa kalenda yangu, sihitaji ripoti.

#31 Mwanagenzi
Wakuu nashukuru sana. La mwisho, kuna hili la mafuta mapya. Laura Maersk 2023 ilikuwa meli ya kwanza ya kontena inayotumia methanoli, CMA CGM ya Ufaransa tangu 2020 wana meli kubwa za gesi asilia ya kimiminika, na Desemba 2024 Maersk nao wakaagiza 20 zinazoweza kutumia gesi. Nikirudi #7, hii si McLean tena? Mtu anafunga ndoa ya miaka 25 na aina moja ya mafuta.

#32 ChifuWaChini
Si ileile kabisa. Hizi injini zinakubali aina mbili, methanoli ikikosekana unarudi mafuta ya kawaida. McLean hakuwa na pa kurudi. Lakini kuna bei yake, methanoli nguvu yake kwa lita haifiki nusu ya mafuta mazito, kwa hiyo matangi lazima yawe makubwa mara mbili na zaidi, na kila tangi linakula nafasi ya kontena, hata siku unazotumia mafuta ya kawaida.

#33 Mzee wa Gati
Kwa hiyo analipa ili asilazimike kuchagua. McLean angewaonea wivu.

#34 Mama Kontena
Analipa nani Mzee? Nimeuliza wateja wangu kumi na moja kama wataongeza chochote kwenye nauli ili mzigo upande meli ya methanoli. Wawili wamesema watafikiria. Tisa wameniuliza kama ipo ya bei ndogo inayoondoka Ijumaa.